Chombo Kipakwe Rangi Gani?

Mwenye boti akifika dukani, macho humwendea moja kwa moja kwenye kadi ya rangi: buluu, kijani, damu ya mzee. Ningemshauri aifunge kwanza kadi hiyo na ajiulize chombo chake kimeundwa kwa kitu gani, kinalala wapi kisipokuwa kazini, na nani atakayekipaka upya. Akishapata majibu, rangi nyingi zitajiondoa zenyewe. Kwenye mwambao wetu kitakachobaki mara nyingi ni nyeupe, au jamii yake, kwa sehemu ya juu ya maji. Na kwa sehemu ya chini si suala la rangi tena, ni suala la dawa.

Sababu ya kwanza ni jua. Ubavu uliopakwa rangi nyeusi au buluu iliyoiva unaweza kupita nyuzi 60 za sentigredi wakati wa mchana, ilhali ule mweupe, ukikaa pembeni yake kwenye jua lilelile, hauungui hivyo, maana hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoupiga. Kwa jahazi au mashua ya mbao, joto hilo hukausha mbao, mbao zikasinyaa, na maungio yaliyokalafatiwa kwa pamba yakaachia; chombo kikirudishwa majini kinavuja na mwenyewe hajui kosa lake. Boti la faiba nalo halisalimiki, kwa kuwa gundi inayoshika nyuzi zake hulegea joto likizidi, na baada ya muda mfumo wa nyuzi hujichora juu ya rangi. Wapo watakaosema rangi iliyoiva inapendeza na huficha uchafu. Kupendeza sipingi, chombo kina haki ya kujipamba. Lakini rangi hiyo ikiwa ya kung'aa huanika kila mkwaruzo na kila bonde la ubavu, na jua likishaichujua, hupauka kwa mabaka yanayoonekana toka mbali. Mwenye kuitaka sana aipake kwa mstari mwembamba chini ya ukingo. Vanishi nayo ni hivyo hivyo: haina chembe za rangi za kuzuia jua, kwa hiyo mionzi hupenya mpaka kwenye mbao, na kazi yote huanza kubanduka kabla rangi ya kawaida haijachoka.

Chini ya maji adui ni mwingine. Huko kuna mwani, kuna viumbe wenye magamba magumu wanaoganda na kupunguza mwendo, na kuna yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao kwa ndani huku nje pakionekana pazima. Mafundi wa mwambao walilijibu tatizo hili zamani: mbao zilinyweshwa sifa, yaani mafuta ya papa, na tumbo la chombo likapakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Wengine hukiunguza kwanza kwa moto wa makuti ili kuua wadudu. Anayeyaona haya kuwa mambo ya kizamani afikirie kidogo. Chokaa ikikutana na shahamu hutoa aina ya sabuni isiyoyeyuka majini, na deheni inapomomonyoka huondoka na vilivyoiganda. Tena hupakwa ufukweni wakati wa bamvua, chombo kikiwa kimepwelewa, bila chelezo wala mashine. Ila siwezi kuitetea sifa hadi mwisho, kwa sababu papa wamepungua mno katika Bahari ya Hindi.

Rangi za viwandani za kuzuia mwani na viumbe wanaoganda chini ya chombo nyingi hutegemea shaba. Zinafaa kwa mbao na faiba, lakini zisipakwe moja kwa moja juu ya boti la alumini, kwani shaba huila alumini kwenye maji ya chumvi. Wala tusidhani kila kikali ni bora. Rangi zenye kemikali ya bati iitwayo TBT zilisifiwa duniani kote mpaka chaza wa ghuba ya Arcachon, Ufaransa, walipoanza kuota magamba yenye kasoro. Ufaransa ilizizuia kwa boti ndogo mwaka 1982, na mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ulipitishwa mwaka 2001 ukaanza kufanya kazi 2008. Bahari inayotulisha haistahili sumu ya namna hiyo.

Limebaki la kuonekana. Boti la buluu hupotea baharini, na hata jeupe huchanganyika na povu siku ya kusi kali. Baadhi ya wavuvi huogopa rangi za kuwaka wakidai zinafukuza samaki, lakini samaki aliye chini hutazama juu kwenye mwanga, na anachokiona zaidi ni kivuli, kiwe cha boti jeupe au jekundu. Kinachomshtua ni kelele na kishindo. Basi, ukishapaka ubavu mweupe, nunua kopo moja dogo la rangi ya chungwa: paka omo, paka tezi, paka na ndani ya chombo, mahali ambapo rubani wa ndege ya uokoaji hupaona kwanza. Usisahau kupaka kipande karibu na mkuku pia, maana chombo kikipinduka tumbo ndilo litakalokuwa juu.