Bingwa wa picha ghafi ni nani? Kongwe, nyepesi na hodari wa giza kwa wapiga picha wa Kilombero

Bonde la Kilombero limezoea kushika namba moja. Ardhi oevu yake, yenye kilomita za mraba 7,967, iliingia kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar Aprili 2002 ikiwa miongoni mwa ardhi oevu kubwa kuliko zote za maji baridi katika nyanda za chini za Afrika Mashariki. Wakati huo ilikadiriwa kwamba takriban asilimia 75 ya swala aina ya sheshe wote duniani walikuwa humu. Ndege kwera wa Kilombero, aliyeingizwa kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1990, hapatikani kwingine kokote. Mwaka 2005, katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, kamera ya mtego ya mtafiti Francesco Rovero ilimnasa sange ambaye wanasayansi hawakuwa wakimjua. Alitangazwa rasmi mwaka 2008, na kwa uzito wa takriban gramu 700 ndiye sange mkubwa kuliko wote.

Sange huyo aligundulika kwa picha, na alama yake kubwa ni rangi: uso wa kijivu. Picha za bonde hili ni ushahidi, na rangi ikipotoshwa ushahidi nao unapotoka. Kwa hiyo suala la programu ipi itumike kusafisha picha ghafi ni suala zito hapa, kwa anayemfuata sheshe mbugani na kwa anayepiga picha za kipaimara na sendofu pale Ifakara mjini.

Picha ghafi, ile inayoandikwa RAW kwenye menyu ya kamera, ni taarifa zote zilizokusanywa na sensa kabla kamera haijakata shauri lolote. JPEG ni wali uliokwisha kuiva. Picha ghafi ni mchele ungali kwenye gunia, unaweza kuupika pilau leo na wali wa nazi kesho. Kwa tarakimu, JPEG huhifadhi ngazi 256 za mwangaza kwa kila rangi, wakati faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Zifuatazo ni programu zilizoongoza, kila moja kwa sifa yake.

Kongwe na yenye uzao mkubwa: dcraw

Mwaka 1997 Mmarekani Dave Coffin alianza kuandika programu ya kusoma picha ghafi za kamera yoyote, kwa sababu kila kiwanda kilikuwa na faili lake na siri zake. Aliiandika yote katika faili moja la lugha ya C na kuigawa bure. Haina dirisha wala vitufe, unaiandikia amri. Watu wachache huitumia leo kwa mkono, lakini damu yake imeenea kila mahali. LibRaw, maktaba ya programu iliyotokana nayo, inasoma picha za kamera zaidi ya 1,000, na programu nyingi za bure na za kulipia zimejengwa juu ya kazi hiyo. Kama una kamera ya mtumba ambayo kiwanda kimeacha kuihudumia, ukoo huu ndio utakaoifungua.

Maarufu kuliko zote: Lightroom

Toleo la kwanza la Lightroom ya Adobe lilitoka Februari 2007, na tangu hapo ndiyo inayofundishwa kwenye video na semina nyingi kuliko nyingine zote. Ubora wake ni wa kweli. Inapanga maelfu ya picha, inanakili marekebisho ya picha moja kwenda mia tano kwa mpigo mmoja, na tangu Aprili 2023 ina chombo cha akili mnemba cha kuondoa chenga kwenye picha ghafi. Mpiga picha wa harusi anayetakiwa kukabidhi kazi ndani ya siku chache anapata msaada mkubwa hapo.

Gharama yake ni kodi isiyoisha. Lightroom 6 ya mwaka 2015 ilikuwa ya mwisho kuuzwa kwa malipo ya mara moja. Sasa unalipa kwa mwezi au kwa mwaka. Ukiacha kulipa, toleo la kompyuta linakuruhusu kuangalia na kutoa picha zako, lakini sehemu ya kusafishia inafungwa. Mapato ya mpiga picha wa Ifakara yanafuata mavuno: mpunga ukiuzwa, sherehe hujaa, msimu wa masika, kalenda hubaki tupu. Apige hesabu ya miezi yote kumi na miwili kabla ya kujisajili. Na wale wanaopitishiana matoleo ya kukraki kwenye flashi wafahamu kwamba hiyo ni njia ya kuingiza virusi kwenye kompyuta ileile inayotunza picha za wateja.

Iliyoacha funzo kubwa: Aperture

Apple iliitangaza Aperture Oktoba 2005 kwa bei ya dola 499. Wapiga picha wa kulipwa waliipenda, wakajenga maktaba za picha za miaka mingi ndani yake. Juni 2014 kampuni ikatangaza kuacha kuiendeleza, mwaka 2015 ikaondolewa sokoni, na macOS ya 2019 haikuifungua tena. Waliokuwa na picha ghafi zao salama walizihamishia kwingine, lakini marekebisho yao ya miaka mingi mengi hayakuhamika. Funzo ni kwamba kampuni, hata iwe tajiri kiasi gani, inaweza kuiacha programu yake siku yoyote. Kabla ya kuchagua, uliza kwanza: siku programu hii ikifa, kazi yangu itabaki wapi?

Hodari wa giza: DxO PhotoLab

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992, mchana wa saa saba chini ya miti mikubwa unafanana na magharibi. Mbega mwekundu akiruka tawini unalazimika kupandisha ISO hadi 6,400 au zaidi, na picha inatoka na chenga tele kwenye manyoya meusi ya mgongoni. PhotoLab, ya Wafaransa wa DxO, ilipata chombo chake cha DeepPRIME mwaka 2020. Kinaondoa chenga wakati uleule wa kujenga rangi kutoka kwenye sensa, si baada yake, ndiyo maana nywele moja moja zinabaki zikionekana. Kampuni pia hupima lenzi na kamera kwenye maabara yake na kurekebisha kasoro zake kwa vipimo hivyo. Inauzwa kwa malipo ya mara moja. Ni ghali, na kwenye laptopu isiyo na kadi nzuri ya grafiki utasubiri dakika kadhaa kwa kila picha. Kwa anayeishi kwa picha za msituni, bei hiyo inarudi.

Hodari wa studio: Capture One

Ilizaliwa Denmark, kwa ajili ya kamera kubwa za Phase One. Nguvu yake ni kupiga picha kamera ikiwa imeunganishwa na kompyuta kwa waya, mteja akiona matokeo palepale kwenye kioo. Wapiga picha za mitindo na bidhaa wataipenda. Kwa kazi ya mbugani inazidi mahitaji.

Nyepesi kuliko zote kwa laptopu: X RAW Studio

Hii ya Fujifilm haitegemei nguvu ya kompyuta kabisa. Unaunganisha kamera kwa waya wa USB, na kichakataji cha kamera ndicho kinachosafisha picha. Kompyuta inabaki kuwa kioo tu. Sharti ni kamera iwe ya modeli ileile iliyopiga picha hizo. Mwenye Fujifilm na laptopu iliyochoka hana sababu ya kuiruka.

Inayoijua kamera yako vizuri zaidi: programu ya kiwanda

Canon wana Digital Photo Professional, Nikon wana NX Studio tangu 2021, Sony wana Imaging Edge Desktop. Zote ni za bure, na rangi zake ndizo zile ulizoziona nyuma ya kamera. Kwa picha ambayo rangi yake ni ushahidi, hapo ndipo pa kupata kipimo cha kulinganishia kabla hujaanza kuongeza ladha yako. Udhaifu wake ni kwamba hazifungui picha ghafi za kiwanda kingine, na nyingine zina mwendo wa taratibu.

Bora mfukoni: Snapseed

Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, simu zimeweza kuhifadhi picha ghafi za aina ya DNG, aina iliyo wazi ambayo Adobe iliitoa 2004. Snapseed, inayomilikiwa na Google tangu 2012, inazifungua bure na bila kula bando. Jua linapozama nyuma ya Daraja la Magufuli, lile la mita 384 lililofunguliwa 2018 juu ya mto Kilombero, simu yenye DNG inakuruhusu kuinua vivuli vya watu darajani bila kuunguza anga. Kwa kijana ambaye hajanunua kamera, shule yake ya kwanza ni hii.

Hodari wa mwanga mkali: RawTherapee

Mhungari Gábor Horváth aliianza miaka ya 2000, na Januari 2010 akaifanya huria kwa leseni ya GPL. Uwezo wake uonekane kwa mfano wa kwera wa Kilombero. Dume ana manjano ya kung'aa na kinyago cheusi usoni. Jua la saa sita likimpiga juu ya matete, kamera inayotengeneza JPEG huizidisha rangi nyekundu ili weupe ukae sawa, na nyekundu hiyo hugonga kikomo kabla ya kijani. Kifua kinageuka doa moja la manjano, halina unyoya hata mmoja. Kwenye faili ghafi nyekundu mara nyingi bado ina nafasi. RawTherapee inakuonyesha hali halisi ya sensa kabla ya marekebisho yoyote, na ina njia kadhaa za kujenga upya sehemu zilizoungua. Shusha mwangaza kidogo, washa urejeshaji, na mistari ya manyoya inajitokeza. Kwa laptopu ya kawaida isiyo na kadi ya grafiki, hii ndiyo ninayoishauri kwanza.

Bingwa wa bonde: darktable

Ilianza 2009 mikononi mwa Johannes Hanika, na toleo la Windows likaja Desemba 2017. Ni ya bure na huria. Naipa nafasi ya kwanza kwa sababu inatosha kazi zote za hapa: inapanga picha za sendofu kwa nyota na lebo, inakuwezesha kuchora eneo unalotaka kurekebisha, na ina chombo cha kupunguza ukungu, chenye manufaa wakati moshi wa miwa iliyochomwa unapofunika anga la Kidatu. Itafutie kompyuta yenye RAM ya GB 8 na kuendelea, na uipe wiki kadhaa za kujifunza, maana vyombo vyake ni vingi.

Sababu kubwa zaidi ni namna inavyotunza ushahidi. Haigusi faili ghafi hata kidogo. Kila hatua inaandikwa kwenye faili dogo la XMP linalokaa kando ya picha. Ifakara ni mji wa utafiti tangu maabara ya Waswisi ilipofunguliwa miaka ya 1950, na mtafiti anayepiga picha ya mbu au ya ndege adimu anatakiwa aweze kuonyesha alichobadilisha na alichokiacha. Hapa anafungua orodha ya hatua na kuionyesha, moja baada ya nyingine.

Kabla hujapakua

Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ghafi ya takriban MB 25 hadi 30. Harusi ya picha 600 inakula GB 15 hadi 18. Kuipandisha mtandaoni kwa bando la simu ni kuchoma faida. Nunua diski mbili za nje, nakili kazi kwenye zote, na moja ikae nyumba nyingine, maana umeme, mafuriko na wezi havichagui. Fedha uliyookoa kwa kutumia programu za bure itumie hapo. Idadi ya sheshe imeshuka sana tangu makadirio yale ya 2002, na wajukuu wetu watauliza bonde lilikuwaje. Programu tutabadilisha, lakini faili ghafi likifutwa hakuna programu itakayolirudisha.