Amplifaya ya Gari Inapopata Moto: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kumlipa Fundi

Muziki wa garini hukatika ghafla, taa nyekundu huwaka, na baada ya muda sauti hurudi kana kwamba hapakuwa na jambo. Wenye magari wengi huamini kwamba amplifaya, yaani kikuza sauti, imeharibika, nao hununua nyingine. Ile mpya nayo huweza kuzimika vivyo hivyo, ikiwa kasoro haikuwa ndani ya kifaa. Tumeandaa maelezo haya ili mtumiaji atambue chanzo cha joto kabla hajatoa fedha yake.

Kwa nini hujizima

Amplifaya huchukua umeme wa betri na kuugeuza kuwa nguvu ya kusukuma spika. Sehemu ya umeme huo hupotea kwa njia ya joto, hivyo uvuguvugu baada ya muziki wa muda mrefu ni jambo la kawaida. Joto likizidi kiwango, amplifaya nyingi hujizima ili kujilinda. Kujizima huko si ugonjwa, bali ni dalili ya ugonjwa.

Ukaguzi wa mtumiaji mwenyewe

Zima mfumo, acha kifaa kipoe, kisha fungua waya wa hasi wa betri kabla ya kugusa nyaya nyingine. Baadhi ya redio hudai namba ya siri baada ya betri kufunguliwa, hakikisha unayo.

1. Mahali ilipofungwa. Amplifaya iliyofunikwa na zulia, iliyobanwa chini ya kiti au iliyozungukwa na mizigo ndani ya buti haipumui. Acha nafasi juu na kando yake, na ufute vumbi kwenye mapezi ya kupozea.

2. Waya wa hasi. Waya huu hufungwa kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi na kukazwa barabara. Ukifungwa juu ya rangi au kutu, umeme hupita kwa shida na kiungo hupata moto.

3. Spika. Spika nyingi za gari zina ukinzani wa omu 4. Mbili zikiunganishwa sambamba, ukinzani hushuka hadi omu 2. Nne, hadi omu 1. Kadiri ukinzani unavyopungua ndivyo amplifaya inavyovuta umeme mwingi. Soma katika kijitabu chake kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Kagua pia kama kuna waya wa spika uliochunika na kugusa bodi.

4. Kitufe cha kulinganisha amplifaya na redio. Hiki si kitufe cha kuongezea sauti. Kikizungushwa hadi mwisho, sauti hukwaruza na kifaa husukumwa kupita uwezo wake. Kirudishe nyuma hadi sauti iwe safi.

Baada ya hapo, ondoa nyaya za spika, rudisha waya wa betri, na uwashe mfumo. Amplifaya ikipata moto sana au taa nyekundu ikiwaka hata bila spika, huenda kasoro imo ndani, na hiyo ni kazi ya fundi. Usiifungue mwenyewe: ndani yake mna vipuri vinavyohifadhi umeme hata baada ya kuzimwa, na kuifungua huweza kukupotezea dhamana.

Onyo kuhusu fyuzi

Fyuzi ikiungua, weka nyingine yenye ampea zile zile. Fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya kilichowekwa mahali pake, huweza kuacha nyaya zishike moto na gari kuteketea. Dai pia fyuzi kuu kwenye waya wa chanya, karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi.

Unaponunua au kutengeneza

Usitegemee wati zilizoandikwa kwenye boksi peke yake. Boksi likidai wati 2,000 ilhali fyuzi zote za kifaa ni ampea 30, zidisha 30 kwa volti 14 za gari lililowashwa: utapata wati 420. Hicho ndicho kiasi cha umeme kinachoweza kuvutwa kwa mfululizo, na nguvu inayofika kwenye spika itakuwa chini ya hapo. Chunguza pia nyaya: ukikwangua uzi mmoja kwa kisu na ndani ukaonekana mweupe, huenda ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba halisi ya unene ule ule.

Kwa fundi, omba akueleze chanzo cha joto kabla ya kukubaliana bei, akurudishie vipuri vilivyotolewa, na akuandikie muda wa dhamana ya kazi yake. Tunza risiti, boksi na kadi ya dhamana, kwani bila hivyo ni vigumu kwetu kusikiliza lalamiko lako dhidi ya muuzaji au fundi.