Unalipa Vizuri, Kiwango Kinashuka

Mchuuzi wa ndizi katika stendi ya Msamvu, Morogoro, anaweza kulala na kiwango cha kukopa cha shilingi 150,000 kwenye simu yake, akaamka kimebaki 40,000, na hadaiwi hata senti. Swali lake linajulikana: "Mbona mimi nalipa?" Ana haki ya kuuliza. Tatizo ni kwamba kulipa ni sehemu moja tu ya hesabu.

Kadi za mkopo hapa kwetu ni za wachache. Wengi tunakopea kwenye laini: M-Pawa iliyoanza mwaka 2014, Timiza, Nivushe, na huduma kama Songesha inayokuongezea salio likipungua katikati ya muamala. Nyuma ya huduma hizi kuna benki au taasisi ya fedha, na kuna programu inayopiga hesabu upya kila mara. Inatazama pesa zinazoingia kwenye laini yako, zinakaa muda gani kabla hujazitoa, na marejesho unayafanya siku ya ngapi. Meza yako ya stendi haiioni. Inachoona ni mzunguko.

Hapo ndipo mfanyabiashara wa Msamvu anapokwama. Aliyekuwa akipokea mauzo kwenye namba yake binafsi, kisha akachukua lipa namba ya mtandao mwingine, ameuhamisha mzunguko wake. Kwa mkopeshaji wa zamani anaonekana amepoa, ilhali biashara iko palepale. Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, wapo waliorudi kwenye noti, na noti haiachi kumbukumbu kwenye simu. Halafu ikaja treni. Juni 2024 SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, mwezi uliofuata ikafika Dodoma, na baadhi ya waliokuwa wakinunua ndizi za Matombo dirishani mwa basi sasa wanapita kwa reli. Mauzo yakilegea wiki kadhaa, programu haingoji msimu ugeuke.

Sababu nyingine inaudhi zaidi: unaweza kushushwa kwa makosa ya wenzako. Mwaka 2008, msukosuko wa fedha ulipoikumba Marekani, mteja mmoja wa Atlanta alipunguziwa kiwango cha kadi yake ya American Express kutoka dola 10,800 hadi 3,800. Barua aliyopewa ilimweleza kwamba wateja wengine waliotumia kadi katika maduka aliyonunua yeye walikuwa na rekodi mbaya ya ulipaji. Basi. Kosa lake lilikuwa kununua mahali wanaponunua wengine. Mifumo ya kupima wakopaji huwapanga watu kwa mafungu ya wanaofanana. Fungu likianza kuchelewesha, hata mlipaji mzuri aliyemo anaguswa. Angalau Mmarekani yule aliandikiwa barua.

Na ipo sababu isiyokuhusu hata kidogo. Kanuni ya uhasibu ya IFRS 9, iliyoanza kutumika Januari 2018, inaitaka benki itenge fedha za hasara inayotarajiwa hata kwa kiwango ilichokuahidi na hujakigusa. Juu ya hapo, Benki Kuu inataka mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Benki ikiona hali inaharibika, kushusha viwango vya maelfu ya watu kwa usiku mmoja ni rahisi kuliko kumfuata mdaiwa mmoja Mgeta.

Benki kujilinda sioni ubaya wake. Ubaya ni ukimya. Mchuuzi anagundua muamala umegoma wakati mwenye gari la mzigo amesimama mbele yake, mikungu imeshashushwa chini. Saa hiyo hana muda wa kuchagua mkopo. Anakimbilia mkopo wa riba kali wa mtaani, ule wa kausha damu, au programu ya mtandaoni isiyo na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza 69 za namna hiyo. Kwa maoni yangu, ujumbe wa siku saba kabla ya kushusha kiwango ungezuia mengi, na hauna gharama ya maana.

Kwa sasa, anayetaka kujua amekosea wapi aanze kwa kuomba taarifa yake ya mikopo kwa kampuni zenye leseni, yaani Creditinfo au Dun & Bradstreet. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inampa mtu nafasi ya kupinga uamuzi uliofanywa na mashine peke yake, na Tume ya kupokea malalamiko ipo. Lakini taarifa ya mikopo itangulie, maana huenda kinachokushusha ni deni la shilingi 3,000 ulilokopa kwenye laini uliyoitupa zamani na ukasahau.