Windows na Linux zaweza kusoma daftari moja la mauzo

Mfanyabiashara mwenye kompyuta ya Windows kaunta na ya Linux stoo hana haja ya kununua nyingine ili zote zisome daftari moja la mauzo. Windows hushirikisha folda kwa lugha iitwayo SMB. Andrew Tridgell wa Australia ndiye aliyeanza kuandika Samba, programu inayoiwezesha Linux kuielewa lugha hiyo. Hupatikana bure, gharama ni ya fundi tu. Mac nazo hutumia SMB.

Hatari ipo kwenye toleo. SMB 1 ndiyo njia iliyopitiwa na WannaCry Mei 2017, ikafunga mafaili ya ofisi nyingi duniani na kudai dola 300 kwa kila kompyuta. Fundi ailizime, atumie toleo la 2 au la 3. Folda ya bei, karani aruhusiwe kuisoma tu, asiibadilishe.