Uhuru: satelaiti yenye jina la Kiswahili iliyopita juu ya Kisangani ikitafuta makundi ya galaksi

KISANGANI – Umeme ukikatika usiku Kapalata, na mvua ikiisha kupita, anga inabaki nyeusi na nyota zinajaa. Watu wengi wanaijua Kapalata kwa kambi yake ya kijeshi. Wachache wanajua kwamba kuanzia mwisho wa 1970 hadi mwanzo wa 1973, satelaiti yenye jina la Kiswahili ilikuwa ikifanya kazi juu ya anga hiyo, ikipita karibu mara 14 kwa siku. Ilibadilisha namna wanasayansi wanavyotafuta makundi makubwa ya galaksi.

Satelaiti hiyo iliitwa Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, Kenya. Siku hiyo Wakenya walikuwa wakisherehekea miaka 7 ya uhuru wao. Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi huo kwenye shirika la Marekani NASA, ndiye aliyeipa jina hilo. Njia yake haikuvuka nyuzi 3 kaskazini wala kusini mwa ikweta. Kisangani, iliyo nusu ya uzi tu kaskazini mwa ikweta, ilikuwa moja kwa moja chini ya njia hiyo.

Taa za ng'ambo ya mto

Jua letu ni nyota moja kati ya zaidi ya bilioni 100 zinazounda galaksi yetu. Galaksi nazo hukusanyika, mamia au maelfu kwa pamoja, zikishikwa na nguvu ya uvutano. Kundi kubwa lililo karibu nasi liko upande wa nyota za Mashuke. Mwanga wake unasafiri zaidi ya miaka milioni 50 kabla ya kutufikia. Mwishoni mwa Aprili, kwenye saa nne usiku, kundi hilo liko karibu utosini kwa mtu aliyesimama Kisangani, ingawa jicho peke yake haliwezi kuliona.

Njia ya kwanza ya kuyatafuta ilikuwa kuhesabu. Mmarekani George Abell alichunguza kwa macho yake picha za anga zilizopigwa California, akitafuta mahali ambapo galaksi zimesongamana. Mwaka 1958 alitoa orodha ya makundi 2,712. Kazi hiyo bado inaheshimiwa, lakini ilikuwa na mtego. Shuka mpaka ukingo wa mto usiku, utazame taa upande wa Lubunga. Taa ya mtumbwi ulio katikati ya maji na taa ya nyumba ya mbali zinaonekana kama jirani. Galaksi pia zinaweza kupangana mbele ya jicho bila kuwa na uhusiano wowote.

Moto unaoonyesha nyumba

Hapo ndipo Uhuru ilipoleta njia mpya. Ilibeba vifaa vya kupokea eksirei, miale ile inayotumika hospitalini kupiga picha za mifupa. Hewa ya dunia huizuia miale hiyo inayotoka angani, kwa hiyo ni lazima kupanda juu ili kuipata. Uhuru ilionyesha kwamba makundi kama lile la Mashuke yanatoa eksirei kwa wingi, na kwamba miale hiyo inatoka katika eneo pana, si katika nukta moja.

Chanzo chake ni gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, iliyojaa katikati ya galaksi. Mwaka 1976 satelaiti ya Uingereza, Ariel 5, ambayo nayo ilirushwa kutoka San Marco, ilitambua alama ya chuma katika gesi ya aina hiyo na kuthibitisha jambo hilo. Gesi ya moto namna hiyo haikai pamoja bila uvutano mkubwa kuishika. Ukiiona, unajua kundi ni la kweli, kama vile moshi wa jiko unavyokuonyesha kwamba pale kuna watu wanaoishi pamoja. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wa Uhuru, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Leo njia zinasaidiana. Kompyuta zinatafuta galaksi nyekundu, yaani zile zilizozeeka na kuacha kuzaa nyota mpya, kwa sababu ndizo zinazojaa ndani ya makundi. Darubini iliyoko Ncha ya Kusini inatafuta alama ambayo gesi ya moto inaacha kwenye mwanga wa kale uliojaa ulimwengu. Mwaka 2024 darubini ya eksirei iitwayo eROSITA ilitoa orodha ya makundi zaidi ya 12,000. Darubini hiyo, iliyotengenezwa na Wajerumani na kurushwa na Warusi, ilizimwa Februari 2022 kwa sababu ya vita vya Ukraine. Sisi wa mashariki mwa Kongo hatuhitaji kuelezwa jinsi vita vinavyosimamisha kazi za watu.

Kongo iko wapi?

Kuhesabu makundi haya ni njia ya kuupima ulimwengu, maana sehemu kubwa ya uzito wake ni kitu kisichoonekana, ambacho asili yake haijajulikana. Afrika imo katika kazi hiyo. Darubini ya redio ya MeerKAT, Afrika Kusini, imechunguza makundi 115. Kenya, Zambia, Msumbiji na nchi nyingine tano za Afrika ni washirika wa Afrika Kusini katika mradi mkubwa zaidi, SKA. RDC haimo.

Hata hivyo, mlango haujafungwa. Sehemu ya vipimo vya eROSITA iliwekwa wazi kwenye intaneti mwaka 2024, na mtu yeyote anaweza kuvichukua bila malipo. Kijana wa Kapalata anayependa fizikia hahitaji kwanza kujengewa darubini. Anahitaji kompyuta, mwalimu, mega za intaneti na umeme usiokatika kila jioni. Satelaiti ya Uhuru ilipita juu ya nyumba za wazee wake maelfu ya mara bila mtu kuwaambia. Yeye anaweza kuanza kazi akijua.