Maneno ya Pepo na Taarifa za Marubani

Neno rubani, ambalo asili yake ni Kiarabu, hapo kale lilimhusu aongozaye chombo baharini. Leo latumika zaidi kwa mwendesha ndege. Katika makala haya twataka kutazama kama majina ya pepo nayo yaweza kuhama vivyo hivyo kutoka baharini hadi angani.

Katika nchi ya Rufiji, toka Mbwara hata kwenye milango ya delta, mambo ya angani si mageni. Mwaka 1915 Waingereza walifyeka kiwanja cha ndege kisiwani Mafia, mkabala wa delta, ili kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha humo. Siku hizi kiwanja cha Mafia chajulikana kwa herufi HTMA, na cha Dar es Salaam kwa HTDA.

Na tutwae mfano wa kubuni wa taarifa ya hali ya hewa: HTDA 150600Z 20012KT. Maana yake ni kwamba, Dar es Salaam, tarehe 15, saa 0600 kwa saa ya ulimwengu, upepo watoka nyuzi 200, kwa mwendo wa maili 12 za baharini kwa saa. Saa hiyo ni 0900 kwa saa rasmi ya Afrika Mashariki, yaani saa tatu asubuhi kwa Mswahili. Basi mfasiri asiyetaja ni saa ya nani atawapoteza wasomaji wake.

Kuhusu upepo, je, tuuite kusi? Hasha. Kusi ni upepo, na tena ni majira yake. Upepo wa nyuzi 200 waweza kuvuma asubuhi moja ya Januari, katikati ya kaskazi, nao usiwe kusi hata kidogo, bali umande utokao bara. Namba hutaja upepo wa saa ile tu. Jina la nahodha hubeba miezi kadhaa.

Tukisema "upepo wa kusini" twaingia katika shaka nyingine, kwa kuwa kiunganishi -a hakibainishi kama upepo watoka huko au waenda huko. Shaka hiyo si ya wanasarufi peke yao. Ndege hutua ikiukabili upepo. Njia kuu ya Dar es Salaam huitwa 05 upande mmoja na 23 upande wa pili, yaani nyuzi 50 na 230 za dira zikigawanywa kwa kumi. Kwa upepo utokao nyuzi 200, rubani hutumia 23. Akiudhania waenda huko, atachagua 05, upepo umsukume kutoka nyuma, na njia imwishie mapema.

Kwa hiyo rai yetu ni hii: katika tafsiri za namna hii isemwe "upepo utokao nyuzi 200", na saa itajwe pamoja na mwenyewe. Kaskazi na kusi zibaki kueleza majira, kazi ambayo namba haiwezi kuifanya.