Chuma Kinachobeba Besi: Kuchagua Transfoma ya Spika kwa Amplifaya ya Valvu

Mtu akiniletea orodha ya vifaa anavyotaka kununua ili ajijengee amplifaya ya valvu, mimi huanza kuisoma kutoka chini. Juu ameorodhesha valvu, kwa namba na kwa jina la kiwanda. Zinafuata kapasita za bei mbaya. Chini kabisa, kama kitu kilichokumbukwa safari ikiwa imeshaanza, ameandika: “transfoma 2 za spika, wati 10.” Hapo ndipo ninapomwomba akae tuzungumze, kwa sababu mstari huo ndio utakaoamua kama ngoma itasikika ngoma au debe.

Nalisema hili kwa uchungu wa aliyepitia. Amplifaya yangu ya kwanza ilikuwa na transfoma niliyoing’oa kwenye redio ya zamani ya sanduku la mbao. Sauti ya mwimbaji ilitoka safi ajabu. Lakini nikiweka rekodi za muziki wa dansi, gitaa la besi lilikuwa kama limeachwa nje ya studio. Nilibadilisha valvu mara mbili, nikabadilisha kapasita zote, nikasogeza spika kila kona ya chumba. Kosa lilikuwa ndani ya kile kipande cha chuma, na sikujua hata namna ya kukihoji.

Tuanze na kazi yake. Valvu ni kifaa cha volti nyingi na mkondo mdogo. Chukua EL84, valvu ndogo inayopendwa na wajenzi wengi wa mara ya kwanza. Ikifanya kazi peke yake hutumia volti 250 na mkondo wa miliampea 48, na hutoa nguvu yake vizuri ikibebeshwa mzigo wa omu 5,200 hivi. Spika yako ni omu 8. Ukiwaunganisha hao wawili moja kwa moja hutapata muziki wa maana. Transfoma hukaa katikati, ikishusha volti na kupandisha mkondo, hata valvu ikaiona spika ya omu 8 kama mzigo wa omu 5,200.

Hesabu yake ni fupi. Gawa 5,200 kwa 8 upate 650, kisha tafuta kipeuo cha pili: 25.5. Maana yake ni kwamba kila mzunguko mmoja wa waya upande wa spika, yaani sekondari, unahitaji mizunguko 25.5 upande wa valvu, yaani praimari. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Zile omu 5,200 hazimo ndani ya transfoma. Ndani yake mna uwiano tu. Ukifunga spika ya omu 4 kwenye ncha zilizoandikwa 8, valvu itaona omu 2,600, na kila ulichokipanga kitakuwa kimebadilika. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya transfoma, ijue spika itakayofungwa.

Sasa tuingie kwenye kiini cha jambo, ambacho ni indaktansi ya praimari, inayopimwa kwa henri. Koili ya praimari imekaa sambamba na mzigo. Kwenye sauti za juu huzuia mkondo usipite ndani yake bure, na kazi yote inakwenda kwenye spika. Sauti inaposhuka, kizuizi kinapungua. Kwenye besi ya chini koili inakuwa njia ya mkato, na mkondo uliopaswa kutikisa spika unaishia kuzunguka kwenye chuma. Ni wapi hasa besi inapoanza kupotea? Chukua ukinzani wa ndani wa valvu na ule wa mzigo, utafute thamani yao vikiwa sambamba, kisha uigawe kwa henri zilizozidishwa kwa 6.28. Jibu ni masafa, kwa hezi, ambapo nguvu inakuwa imebaki nusu.

Tufanye kwa EL84. Ukinzani wake wa ndani ni omu 38,000 hivi; ukiuweka sambamba na 5,200 unapata kama 4,570. Transfoma ikiwa na henri 20, nusu ya nguvu inapotea kwenye hezi 36. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutikisika mara 41 kwa sekunde, kwa hiyo unasalimika, ingawa umeanza kupungukiwa. Ikiwa na henri 8 tu, mpaka unapanda hadi hezi 91, na nota zote za chini za gitaa hilo ziko upande usiofaa.

Lakini chukua transfoma nyingine yenye henri zilezile 20, ifungie valvu ya 300B, ile triodi ya Western Electric ya mwaka 1938. Ukinzani wake wa ndani ni omu 700 tu. Pamoja na mzigo wa omu 3,500 unapata 583, na mpaka unashuka hadi chini ya hezi 5. Henri ni zilezile, na besi ni tofauti kama usiku na mchana. Ndiyo maana swali ninaloulizwa kila mara, “transfoma nzuri ni ipi?”, silijibu mpaka niambiwe valvu. Mwenye pentodi, kama EL84, lazima anunue henri nyingi, au apunguze ukinzani wa valvu yake kwa kuiunganisha kitriodi, au kwa mrejesho, yaani kurudisha sehemu ya sauti inayotoka hadi mwanzo wa amplifaya.

Mrejesho una mipaka yake, kwani hauwezi kulisha chuma kilichokwisha kushiba. Chuma hubeba usumaku hadi kiwango fulani, na baada ya hapo hauongezeki hata ukisukuma vipi. Wimbi linakatwa kichwa na sauti inakwaruza. Mzigo huo wa usumaku hupanda kadiri masafa yanavyoshuka: kwa volti zilezile, hezi 25 hubebesha chuma mara mbili ya hezi 50. Ili usivuke mpaka unapaswa kupunguza volti nusu, na nguvu inabaki robo. Kwa hiyo transfoma ya “wati 10” iliyopimwa kwenye hezi 50 ni transfoma ya wati 2.5 kwenye hezi 25. Namba ya wati isiyotaja masafa haijakwambia kitu. Muuzaji akishindwa kukupa masafa, uliza uzito. Chuma na shaba ni vigumu kuvighushi, na kati ya transfoma mbili za nguvu moja, mara nyingi naiamini ile inayochosha mkono. Najua uzito huo ndio unaopandisha nauli ya kuusafirisha hadi kwetu. Lipa.

Amplifaya ya valvu moja kwa kila spika ina mtihani wa ziada. Zile miliampea 48 hupita kwenye praimari kwa mwelekeo mmoja, muda wote, hata muziki ukiwa kimya, na hivyo chuma kinakuwa kimekwisha kushiba kwa sehemu kabla ya nota ya kwanza. Dawa yake ni mwanya: kipande chembamba cha karatasi kinachotenganisha mabati ya upande mmoja na ya upande wa pili. Mwanya huokoa chuma, lakini hupunguza henri, na ndiyo sababu transfoma za namna hii huwa kubwa kuliko unavyotarajia. Swali kamili la kumuuliza muuzaji ni hili: henri ngapi, mkondo ukiwa miliampea ngapi? Kwenye pushi-puli, ambapo valvu mbili hupokezana, mikondo miwili hukabiliana na kufutana, na mwanya hauhitajiki. Usichukue transfoma ya pushi-puli ukaifungia valvu moja. Na ukitumia transfoma ya pushi-puli yenye chuma cha duara, hakikisha valvu mbili zinalingana mkondo, maana chuma chake hakivumilii tofauti hata ya miliampea chache.

Aliyetufundisha kuandika mahitaji haya kwa namba ni D. T. N. Williamson. Mwaka 1947, katika jarida la Wireless World la Uingereza, alichapisha mchoro wa amplifaya ya wati 15 yenye valvu mbili za KT66 zilizounganishwa kitriodi, na upotoshaji wake haukufika asilimia 0.1. Mrejesho ulitoka kwenye sekondari ya transfoma yenyewe, ukarudi hadi mwanzo wa amplifaya. Ili hilo liwezekane, alidai praimari ya omu 10,000 iwe na henri 100 au zaidi, na indaktansi ya mvujo isizidi milihenri 30 hivi. Mvujo ni ule usumaku wa praimari usioifikia sekondari. Kwenye sauti za juu huwa kama koili iliyoziba njia. Gawa 100 kwa 0.03: uwiano wake unapita 3,000. Uwiano huo, kwangu mimi, ni kipimo kizuri kuliko maneno yote ya tangazo, maana henri hushikilia ncha ya chini ya muziki na mvujo huamua ncha ya juu.

Tatizo ni kwamba viwili hivyo vinagombana. Ukiongeza mizunguko unapata henri, lakini mvujo nao unapanda. Williamson aliugawa waya wa praimari vipande vipande na kuvipishanisha na vipande vya sekondari, kama mikate iliyopangwa kwa zamu, ili waya wa pande mbili ukae karibu. Kupishanisha kukizidi, tabaka za waya zinaanza kufanya kazi kama kapasita, na sauti za juu zinapotelea huko. Mjenzi aliyenakili mchoro ule kwa transfoma rahisi alijikuta na amplifaya inayopiga mluzi kwenye masafa ambayo sikio halisikii, valvu zikichemka bila sababu ya kuonekana: mrejesho ulikuwa unarudi umechelewa.

David Hafler na Herbert Keroes, Wamarekani, walipoandika mwaka 1951 kuhusu “ultra-linear”, namna ya kuiunganisha valvu iwe kati ya pentodi na triodi, jibu lao lilikuwa ndani ya transfoma pia: ncha ya ziada iliyotolewa kwenye asilimia 43 ya mizunguko na kupelekwa kwenye gridi ya skrini ya valvu. Ukiona ncha hiyo kwenye transfoma unayonunua, hulazimiki kuitumia, lakini ni vyema kuwa nayo.

Kuhusu chuma chenyewe sitakaa sana. Bati la silikoni lenye chembe zilizolazwa upande mmoja, kazi ya Norman Goss aliyepewa hataza mwaka 1934, linatosha kwa mjenzi wa nyumbani. Aloi za nikeli husifiwa kwa sauti ndogo ndogo, ila hushiba mapema. Tumia pesa hiyo kupata chuma kingi zaidi.

Ikiwa transfoma iko mezani na haina karatasi ya vipimo, ihoji mwenyewe. Umeme wetu ni wa hezi 50, na transfoma ndogo ya kuwashia valvu hutoa volti 6.3. Peleka volti hizo kwenye praimari, kupitia rezista ya omu 1,000, sekondari ikiwa wazi. Pima volti kwenye rezista: kila volti moja ni miliampea moja. Pima na volti zilizobaki kwenye koili, zigawe kwa mkondo uliokokotoa kwa ampea, kisha ugawe tena kwa 314. Hizo ni henri zako, kwa ukaribu unaotosha kuamua. Ile transfoma yangu ya redio ilinipa henri 8. Kisha ondoa rezista na upime volti za sekondari, upate uwiano. Usipeleke 6.3 upande wa spika: kwa uwiano wa 25.5, volti 160 zitatokea kwenye ncha za praimari, zikingojea kidole. Na amplifaya ikishawaka, usiiendeshe kwa sauti spika ikiwa haijafungwa, kwani volti za praimari zinaweza kupanda hadi zikachoma insuleta.

Hammond wa Kanada na Lundahl wa Sweden hutoa karatasi za vipimo zinazosomeka, na hapo ndipo pa kujifunzia hata kama hununui kwao. Fundi anayesuka transfoma za umeme anaweza kukusukia na hii, ikiwa atakubali kupishanisha vipande na kutumia waya mwembamba bila haraka. Chuma cha stebilaiza iliyokufa kinafaa. Mabati yake ya herufi E yamepangwa kwa kugeuzana. Kwa valvu moja, yapange yote yaangalie upande mmoja, karatasi ikae kati yake na yale ya I.

Kabla ya kutoboa chasi, weka transfoma ya umeme na ya spika juu ya meza. Washa ile ya umeme peke yake, funga hedifoni kwenye sekondari ya ile ya spika, kisha uigeuze taratibu ukisikiliza. Mngurumo utapanda na kushuka. Pale utakapofifia kabisa, chora alama kwa penseli kuizunguka, ndipo uchukue drili.